Kalamu ya Buluu

Jumatano, 10 Agosti 2022

Risasi za usiku zilitoka upande wa Kakwangura. Kulipopambazuka Butembo yote ilikwisha kujua: gereza la Kakwangura limevunjwa, polisi wawili wameuawa, wafungwa zaidi ya 800 wametoka. Mama watoto hakutaka niende kazini. Nimeenda. Kasho letu, mahabusu ninakoandikia rejista, halikuguswa. Nimehesabu mara mbili: watu 11, kama nilivyoandika jana jioni. Nimetia saini.

Mambo haya si mageni kwetu. Gereza la Kangbayi, kule Beni, 11 Juni 2017: zaidi ya 900. Kangbayi tena, 20 Oktoba 2020: zaidi ya 1,300. Mara ile ya pili wapo waliorudi wenyewe, kwa miguu yao. Nawafikiria sana hao. Mtu anarudi kwenye njaa ya gereza ili siku akitoka, atoke kwa karatasi.

Ijumaa, 12 Agosti

Shefu ameniita ndani, akafunga mlango. Yule wa kesi ya panga hayumo tena, ametoka usiku. "Mambo yake yamekwisha," kaniambia.

Hayajakwisha. Alimkata jirani yake mjane mkono wa kushoto kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tangu 6 Mei 2021, tulipowekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, kesi za jinai zimetoka mikononi mwa parke, waendesha mashtaka wa kiraia, kwa hiyo faili yake ilingoja kupelekwa oditora ya kijeshi. Hakuna aliyesaini aachiliwe. Hakuna risiti ya faini. Kuna makuta ya hongo yaliyopita, nami sihitaji kuyaona ili niyajue.

"Karani, andika: amepelekwa Kakwangura tarehe 9."

Hapo ndipo nilipoelewa. Waliotoroka ni zaidi ya 800, nani atamtafuta mmoja wa ziada? Mtu ametolewa kwa mlango wa mbele, naye ataingizwa kwenye hesabu ya waliotolewa kwa bunduki. Polisi wawili wamekufa pale getini. Damu yao ifanywe kifuniko cha biashara!

Nikasema, "Shefu, hilo siwezi kuandika. Tarehe 10 nilimhesabu humu ndani."

Alinitazama, kisha akaniuliza nina watoto wangapi. Anajua ni watano. Alikula kwangu siku ya ubatizo wa mdogo wao.

Jumamosi, 13 Agosti, usiku

Nimetoa vitabu vyangu vya sheria. Sheria yetu ya adhabu ni ya mwaka 1940, lakini hapa haina fumbo: aliyekabidhiwa ulinzi wa mfungwa, mfungwa akitoroka kwa uzembe wake, ataadhibiwa; na akiwa amekula njama naye, adhabu inazidi. Kuandika uongo kwenye rejista ya Serikali ni kosa jingine, peke yake. Na Katiba, kifungu cha 28: hakuna anayelazimika kutii amri ambayo uharamu wake uko wazi. Nimekisoma mara tatu. Watoto wamelala chumba cha pili, nasikia mmoja anakohoa.

Linalonichoma zaidi ni la yule kijana wa simu. Anadaiwa kuiba simu. Leo ni siku yake ya 17. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema saa 48, baada ya hapo aachiliwe au apelekwe kwa wenye mamlaka ya kisheria. Mama yake huleta bugali na sombe kila mchana na kuniita papa, ingawa amenizidi umri. Wiki iliyopita nilimwomba shefu amwachie, au basi ampeleke. Akafoka: "Unataka nifungwe? Mtu haachiliwi bila karatasi!"

Na amemshika kwa karatasi gani? Mimi naona ni wizi ule ule. Kwa yule wa panga ameuza haki ya mjane. Kwa huyu wa simu anataka kumuuzia kijana kitu ambacho tayari ni chake.

Na jina la kijana nimeliandika mimi, kila jioni, jioni 17. Sikuwahi kuandika pembeni kwamba muda wake umepita. Nafasi ilikuwepo.

Jumanne, 16 Agosti

Shefu ameandika mwenyewe. Mstari umebanwa juu ya saini yangu ya tarehe 9: "Amepelekwa Kakwangura." Kalamu ya buluu. Mimi natumia nyeusi siku zote. Ukurasa unaofuata, tarehe 10, watu 11 bado wapo, na jina lake ni la nne.

Hajaurarua. Labda hakufungua ukurasa wa pili.

Jumatano, 17 Agosti

Mjane amekuja, mkono umefungwa kwa kitenge hadi shingoni. Watu wamemwona yule mtu sokoni, tena ananunua mbuzi. Shefu hakuwepo.

Nimemfungulia rejista. Hasomi, nimemsomea kurasa zote mbili kwa sauti, polepole, kisha akaniomba nirudie ya pili. Nikamwambia: "Mama, nenda oditora. Uombe waje waione rejista yenyewe, tarehe 9 na tarehe 10. Wakitaka nakala, kataa."

"Na wewe utasema?"

"Nitasema."

Nikaandika barua, nikampa aipeleke. Ndani nimeeleza niliyoyaona tangu tarehe 10, na chini nimeorodhesha watu watatu waliopitisha saa 48, pamoja na siku walizokaa. Nimesaini majina yangu yote. Akaikunja kwa mkono mmoja na meno, akaifungia kwenye ncha ya kitenge.

Mvua ilikuwa imeanza. Kijana wa simu, kutoka nyuma ya nondo, akauliza yule mama amebeba nini.

"Jina lako," nikamwambia.