Salongo ndani ya kompyuta



Sisi wa Bukavu tunajua salongo. Jumamosi asubuhi tunatoka na fagio, jembe na karai, tunafagia mbele ya mlango na kuzibua mifereji. Na kila mmoja wetu anajua kwamba uchafu unaoleta maji ndani ya nyumba si ule unaoonekana barabarani. Ni ule uliojificha chini ya kidaraja cha mfereji, chupa na mifuko iliyosongamana mahali macho hayafiki. Juma hili tunazungumza nanyi juu ya uchafu wa namna hiyo, ila huu unakaa ndani ya kompyuta.

Vikundi vyetu vingi siku hizi vina kompyuta moja, tena ya mtumba. Yetu ina diski ndogo, giga 64 tu, na betri yake ilikufa zamani. Lakini ndani mwake mna hesabu za akiba na mikopo, orodha ya likelemba, barua tulizoandikia komine, picha za mikutano, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wetu. Nakala hizo si mchezo. Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, mzazi analazimika kwenda kutafuta hukumu ya tribinali. Mama ambaye nyumba yake imeungua, au aliyekimbia na mtoto mgongoni bila kubeba kitu, hana pa kuanzia ila ile nakala.

Ndiyo maana tulishtuka sana kompyuta ilipokataa kuhifadhi. Ilikuwa juma la kugawa akiba. Mama mweka hazina alikuwa akiingiza hesabu za mwisho, na mashine ikamwandikia kwamba diski imejaa. Akajaribu tena, ikamjibu vilevile. Wamama walikuwa wanangoja pesa za ada ya shule.

Mashauri yakaja kutoka kila upande. Fundi mmoja wa mtaa alisema tumpe dola 20 afute kila kitu na kuweka Windows upya, kompyuta itakuwa kama imetoka dukani. Wengine wakasema tufute picha za zamani, maana picha ndizo zinazokula nafasi. Hapo mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo: hata za yule mwenzetu tuliyemzika mwaka jana? Watoto wake hawana picha nyingine ya mama yao akicheka. Tukanyamaza wote.

Aliyetutoa njia panda ni binti wa mwanachama, anayesoma mambo ya kompyuta. Hakugusa kitu. Aliuliza tu: "Wamama, vitu vyenu wenyewe vina giga ngapi?" Hakuna aliyekuwa amehesabu. Tukahesabu. Hesabu, barua, picha zote na vyeti vyote pamoja vilikuwa giga 5 kati ya 64. Vile tulivyotaka kuvitupa havikufika hata sehemu moja ya kumi. Basi nani amejaza nyumba?

Akatueleza kwa lugha ya jikoni. Programu ikiwa kazini inaandika vitu vya muda pembeni, kama mpishi anavyotoa sufuria na mabakuli. Ikifungwa vizuri, inaosha vyombo na kuvirudisha. Lakini kurant ikikatika ghafla, na betri haipo, kompyuta inazimika papo hapo na vyombo vinabaki vichafu. Kwetu kurant inakatika mara ngapi kwa juma? Miaka imepita, vyombo vimejaa mpaka mlangoni. Viko katika chumba ambacho Windows yenyewe inakificha, ndiyo maana hatukukiona hata siku moja.

Pia kuna kile ambacho intaneti inaacha. Kila ukurasa tunaofungua unaweka nakala za picha zake ndani ya diski ili siku nyingine ufunguke haraka. Tena kuna pipa la takataka, lile linaloandikwa Corbeille. Kitu tulichokifuta kinaendelea kukaa humo na kula nafasi mpaka pipa lenyewe limwagwe. Mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa mwingine. Juma lililotangulia kompyuta ilikuwa imeunganishwa na intaneti yenye nguvu kwenye ofisi ya watu, ikajivutia Windows mpya. Windows ikijigeuza hivyo haitupi ile ya zamani. Inaiweka kando katika folda inayoitwa Windows.old, ili ukitaka kurudi nyuma uweze. Kwa kawaida inajifuta baada ya siku 10. Sisi tulikuwa katikati ya siku hizo, nafasi imekwisha.

Sasa tuwape njia tuliyofuata. Fungueni Paramètres, halafu Système, halafu Stockage, halafu Fichiers temporaires. Ngojeni kidogo. Windows itahesabu yenyewe na kuwaonyesha orodha, kila aina ya uchafu na uzito wake, na kijisanduku cha kuweka alama. Kwetu Windows ya zamani ilikuwa giga 14, vitu vya muda 7, pipa 4, mabaki ya intaneti na ya matengenezo 2. Jumla giga 27, mara tano na zaidi ya mali yetu yote.

Lakini wamama, hapa tushikane mkono, kwa sababu katika orodha hiyo hiyo kuna mstari unaoitwa Téléchargements. Huo si uchafu. Ni folda ambamo kila kitu tunachopokea kwa intaneti kinaangukia, na vyeti vingi vya watoto vilikuwa humo, kwa kuwa wazazi walivituma kwa simu. Mwenye haraka ataweka alama kila mahali na kubonyeza, na vyeti vitaondoka pamoja na takataka, wala havitapita kwenye pipa. Someni kila mstari kabla ya kuweka alama. Mstari wa Téléchargements uacheni mtupu mpaka mmefungua folda hiyo na kuhamisha kila kilicho cha maana.

La pili, si kila kilichofichwa ni uchafu. Mizizi ya mwembe nayo imefichwa, na ukiikata mti unakufa. Kuna mafaili makubwa yaliyofichwa, kama pagefile.sys, ambayo Windows inayatumia ili ifanye kazi. Kwa hiyo msiende kutafuta vitu vilivyofichwa na kuvifuta kwa kubahatisha. Futeni tu kile ambacho Windows yenyewe imekiweka katika orodha yake, nanyi mmekielewa. Mkifuta Windows ya zamani, mjue kwamba hamtaweza kuirudia. Kwanza hakikisheni kwamba mpya inafanya kazi vizuri.

La tatu, msidanganywe na matangazo ya programu za bure zinazoahidi kusafisha kompyuta kwa mbofyo mmoja. Mwaka 2017 CCleaner, programu ya kusafisha inayojulikana dunia nzima, ilitiwa sumu na wahalifu ndani ya toleo lake halisi, nayo ikaingia katika kompyuta zaidi ya milioni 2 kabla ya jambo kugunduliwa. Ikiwa hata programu mashuhuri iliweza kupatwa na hilo, tutasemaje juu ya zile zisizojulikana? Fagio tunalo tayari ndani ya Windows, na halilipishwi.

Namna tulivyofanya kazi ni ile tunayoijua sote. Sanduku la akiba lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu, ili hata mmoja asifungue peke yake. Kompyuta nayo tuliifungua hivyo. Kwanza tulinakili hesabu, vyeti na picha kwenye flashi mbili, moja ikabaki ofisini, nyingine ikaenda kulala kwa mama mwingine katika mtaa mwingine. Halafu mama mmoja akasoma mstari kwa sauti, wa pili akaweka alama, wa tatu akaandika katika kaye kile kilichofutwa na uzito wake. Ilichukua muda usiofika saa mbili. Hatukulipa dola hata moja, na picha ya marehemu wetu iko mahali pake. Mama mweka hazina akamaliza hesabu zake, na mgao ukatoka siku ileile tuliyoahidi.

Wale ambao hawana kompyuta wasiseme haya hayawahusu, maana simu nayo inajaa. Katika WhatsApp ingieni Paramètres, Stockage et données, kisha Gérer le stockage. Mtaona video nzito na zile zilizosambazwa mara nyingi, zilizoingia bila kubisha hodi. Anzeni na hizo kabla ya kugusa picha za watoto.

Sisi tumeamua kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, tukitoka kwenye mifereji na kunawa mikono, wamama watatu wataingia ofisini kufanya salongo ya kompyuta. Kila mwezi mama mmoja anabadilishwa, ili mwaka ukiisha wengi wawe wamejifunza. Hakuna tena wa kutuambia kwamba lazima tufute kumbukumbu zetu ili tupate nafasi, bila kwanza kutuonyesha hesabu.

Mkijaribu katika kikundi chenu, njooni na kaye yenu kwenye mkutano ujao, mtusomee mlichokikuta.