Chenji ya Mikumi

Jumapili moja baada ya mpira tulikaa chini ya mwembe tukabishana. Safari hii hatukubishana juu ya Simba na Yanga. Frateri mmoja alileta swali: chakula cha haraka kipi ni kitamu kuliko vyote, na kipi ukipewa bure utakataa? Mwenzetu wa Dar es Salaam alitetea kuku wa KFC. Wa Unguja alisema mtu asiyekula urojo na mishkaki pale Forodhani hana haki ya kuchangia mada. Wa Arusha akataja nyama choma. Zamu yangu ilipofika nikasema kitamu kuliko vyote kipo Kilosa, na kibaya kuliko vyote kipo Mikumi. Wakacheka. Waliniuliza sababu, nikawapa nusu. Nusu nyingine naiandika hapa.

Nianze na Kilosa, kwa kuwa ni nyumbani. Chipsi mayai ninazozisifia zinakaangwa na kijana mmoja mwenye kabati la kioo na jiko la mkaa, karibu na tunapoegesha bodaboda. Viazi anavimenya jioni, anavikaanga nusu, anaviacha vipumzike. Ukiagiza, anavirudisha kwenye mafuta ya moto mpaka vinaanza kulia, anavihamishia kwenye kikaango, anavunjia mayai mawili juu, kisha anageuza kwa sahani. Ndiyo maana wengine huziita zege: mchanganyiko umeshikana, ukiubonyeza haubomoki. Anaweka kachumbari, chumvi, pilipili ya kukamua, na tomato ile nyembamba ambayo sote tunajua imeongezwa maji. Unakula kwa kijiti. Dakika kumi tu na umeshiba.

Siri ya kijana yule si kubwa. Mafuta yake hayafiki rangi ya kahawa iliyoungua. Nilimwuliza siku moja kwa nini anayamwaga wakati wengine wanayatumia wiki nzima. Akanijibu, “Frateri, ukiumwa tumbo leo, kesho utapita hapa hapa na bodaboda. Nitakuficha uso wapi?”

Jibu hilo linaeleza mengi kuhusu chakula cha mtaani. Muuzaji wa mji mdogo analindwa na aibu. Wateja wake ni walewale, na mama zao wanamjua mama yake. Kwa hiyo nilipoanza kufikiri juu ya jambo hili, nilidhani nimepata kanuni: anayewauzia majirani atakuwa mwaminifu, na anayewauzia wapita njia atawapunja. Lakini kanuni hiyo inavunjwa na mama yangu mzazi.

Mama aliuza chakula stesheni ya Kilosa tangu sijaanza shule. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo stesheni zake zote zimekuwa na watu wa kuwalisha abiria. Treni ya bara ilipita kwetu usiku. Mama alilala mapema, akaamka saa sita au saa saba, akapasha samaki wa kukaanga, mihogo na mayai ya kuchemsha, akawasha koroboi, akatoka na beseni kichwani. Mimi nilimfuata na birika la chai. Treni ikisimama, wanawake wote walikimbilia madirishani. Mikono ilitoka juu gizani ikiwa na sarafu na noti, na sauti zikiuliza bei. Hukuona uso wa mteja. Uliona mkono tu.

Hicho ndicho chakula cha haraka cha kwanza nilichokijua, na kilikuwa cha haraka kweli kweli. Filimbi ikipulizwa, mama hakuwa na nafasi ya kuhesabu mara mbili. Wapo abiria waliochukua samaki na kunyamaza mpaka treni ikaondoka. Wapo pia waliokumbuka behewa likiwa limeshaanza kutembea, wakatupa sarafu dirishani, tukazitafuta kwenye kokoto kwa mwanga wa koroboi. Kazi yangu ilikuwa chenji. Mtu akitoa noti ya elfu kwa samaki wa mia tatu, mama alinikabidhi mia saba na kusema neno moja: “Kimbia.” Nikakimbia sambamba na behewa, mkono juu, mpaka ule mkono wa dirishani uchukue. Mara mbili nilishindwa. Mara zote mbili mama alizifunga zile hela kwenye ncha ya kanga, mbali na za mauzo, na siku iliyofuata akampa fundo lile mtu aliyekwama stesheni bila nauli ya kutosha. Sikumwelewa. Hao watu hawakujua jina lake. Hawangerudi kumdai.

Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulifurika. Maji yaliingia mjini, familia nyingi zikahamia kwenye mahema, na reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Treni zikaacha kupita. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakumbuka mama alivyozoea kuamka saa saba ya usiku hata pale ambapo hapakuwa na wa kumuuzia, akakaa kitandani akisikiliza.

Sasa twende Mikumi. Ukitoka Kilosa kwa barabara ya vumbi unapita Ulaya, kijiji chenye jina hilo, ndiyo maana kwetu kila mtu amewahi kufika Ulaya bila pasi ya kusafiria. Mikumi ipo kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Mabasi hutoka Morogoro, hupita ndani ya hifadhi kwa kilomita hamsini hivi, abiria wakichungulia twiga na nyati, kisha huingia mjini wakiwa na njaa na miguu iliyokufa ganzi. Hapo ndipo basi linaposimama. Konda anatangaza dakika kumi, za kula na za kuchimba dawa kwa pamoja.

Mwaka 2017, nilipomaliza kidato cha sita na kusubiri kuanza masomo ya falsafa, nilipata kibarua cha miezi mitatu katika hoteli mojawapo inayopokea mabasi. Sitaitaja, maana ninayotaka kuyasema ni yangu zaidi kuliko yao. Kilichouzwa sana ni chipsi kuku, shilingi elfu sita. Kuku wale walikaangwa alfajiri kwa wingi, wakawekwa kwenye kabati lenye taa. Basi la saa tano liliwakuta wa vuguvugu, la saa nane likawakuta wakavu kama gome. Viazi vililegea na kunywa mafuta. Chumvi iliachwa kwa mteja ajitilie, na chupa ya chumvi ilikuwa moja kwa meza sita.

Kwa nini chakula kile kiwe kibaya hivyo, wakati mita mia tatu kutoka pale madereva wa malori walikula ugali na mchemsho wa kuku wa moto kwa bei ndogo? Nilihitaji wiki mbili kuona. Dereva wa lori anachagua mwenyewe pa kusimama, na wiki ijayo anapita tena. Abiria wa basi hachagui. Anayechagua ni dereva na konda wake, na hao walikula kwenye chumba cha nyuma: kuku wa moto, matunda, maji baridi, bure. Mteja halisi wa hoteli ile walikuwa watu wawili. Wale wengine sitini tuliowaita wateja walikuwa malipo.

Haya ndiyo niliyowaambia mafrateri wenzangu chini ya mwembe, na walikubali kwamba Mikumi imeshindwa. Kilichobaki ni hiki.

Siku moja mchana basi liliingia likiwa limechelewa. Honi ilianza kupigwa hata kabla watu hawajapata sahani. Mama mmoja mtu mzima, mwenye kitenge cha rangi ya bluu na mjukuu mgongoni, aliagiza chipsi kuku ya kubeba. Nikamfungia kwenye mfuko wa rambo, wakati huo bado haijapigwa marufuku. Akanipa noti ya elfu kumi. Nilifungua droo, nikaona chenji ipo. Honi ikalia tena. Yule mama aligeuka kulitazama basi, akanitazama mimi, akasema, “Mwanangu, fanya haraka, wataniacha.” Nikamwambia, “Subiri mama, natafuta.” Nikaendelea kupekua droo ambayo jibu lake nilikuwa nimeshaliona. Basi likaanza kutembea. Akakimbia. Alipofika mlangoni aligeuka mara moja, si kwa hasira, kama mtu anayetegemea kuona kijana anakuja nyuma yake.

Kijana hakuja. Mimi niliyekimbia kokotoni usiku kwa ajili ya mia saba ya mkono usio na uso, nilisimama kwenye kivuli na elfu nne za mtu niliyemwona uso. Wahudumu wenzangu walicheka wakasema nimeanza kuiva. Mchezo ule ulikuwa na jina pale: “kumsubirisha.”

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa kwa muda mrefu, halafu akasema, “Hiyo hela si yako. Kamtafutie mwenyewe.”

“Nitampata wapi, mama? Simjui jina wala aendako.”

“Na mimi wa kwenye treni nilikuwa nawajua?”

Nilizitoa zile elfu nne. Nilikwenda stendi, nikampa mzee aliyepungukiwa nauli ya kwenda Morogoro. Alinishukuru mno, na shukrani zake zilinitesa kuliko ambavyo lawama zingenitesa, kwa sababu nilikuwa napokea sifa kwa fedha ya mtu mwingine. Baadaye mlezi mmoja aliniambia nilifanya sawasawa: kilichoibwa hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe asipopatikana, kwa maskini. Naamini. Ila nimejifunza pia kwamba yule mama wa kitenge cha bluu hajui kuwa nimelipa. Kwake yeye, Mikumi bado inamdai.

Turudi kwenye ubishi wetu. Yule frateri wa Dar es Salaam alinipeleka KFC wakati wa likizo moja, nami nitasema kweli: kuku ni mtamu, nje anakatika, ndani ana maji. Risiti ilitoka kwenye mashine na chenji ikahesabiwa mbele yangu. Nilivutiwa nikasoma habari za mwanzilishi. Harland Sanders alizaliwa mwaka 1890, na mwaka 1930 alianza kuwauzia chakula wasafiri kwenye kituo cha mafuta huko Corbin, jimbo la Kentucky, Marekani. Kukaanga kuku kwenye kikaango kulichukua muda mrefu kwa mtu mwenye safari, kwa hiyo mwaka 1939 akaanza kutumia sufuria ya mvuke wa shinikizo. Kisha barabara kuu mpya ikapangwa kupita mbali na mgahawa wake. Mwaka 1956 aliuuza. Akiwa mzee wa zaidi ya miaka sitini, akazunguka na gari akitafuta migahawa ya kuipa mapishi yake kwa malipo.

Nilipofika kwenye habari za ile barabara nilimfikiria mama. Julai 2024 treni ya umeme ilianza kwenda mpaka Dodoma. Inasimama Kilosa, kwenye stesheni mpya nzuri. Ni ya haraka, ni safi, na mimi mwenyewe naipenda. Safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa ni ya saa chache. Lakini vioo vyake havifunguki, na chakula kinauzwa humo ndani. Hakuna mkono unaotoka. Mama hana mapishi ya kuzunguka nayo nchi nzima. Amehamishia beseni lake karibu na bodaboda, jirani na yule kijana wa zege, na anasema wateja ni wachache ila anauona uso wa kila mmoja.

Basi, orodha yangu ni hii. Cha kwanza, samaki na muhogo wa dirishani, ambao haupatikani tena. Cha pili, chipsi mayai za Kilosa. Cha tatu, mchemsho wa madereva wa malori Mikumi. Cha nne, kuku wa KFC, siku mtu mwingine akilipa. Cha mwisho, chipsi kuku ya elfu sita, kavu, iliyofungwa kwenye rambo na kijana aliyejifanya anatafuta chenji.

Kila likizo basi langu linasimama Mikumi. Huwa nashuka na elfu nne mfukoni, nimezitenga. Natazama nani anasoma bei ukutani kisha anarudi kwenye kiti chake bila kununua. Mara nyingi yupo. Na bado, kila mwanamke mtu mzima mwenye kitenge cha bluu akipanda basi, namtazama usoni kwanza.