Rimoti Ibaki Nyamira

Basi la usiku kutoka Nairobi hupita Narok na Bomet abiria wakiwa usingizini, na ni baada ya Sotik ndipo kunapopambazuka. Nilisogeza pazia la dirisha nikaiona nchi ya Wakisii kwa mara ya kwanza: chai imefunika miteremko mpaka ukingoni mwa lami, migomba imesimama nyuma ya chai, na mapaa ya mabati yanameta kwa umande kila upande. Mimi ni mtu wa Mombasa, niliyezoea tambarare na upeo wa bahari. Huku kilima kilinionyesha kilima kingine, na kila nilipotupa jicho palikuwa pamelimwa. Tulipita Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, na jua lilipotoka sawasawa tukaingia Kisii mjini.

Kilichonipeleka ni dishi moja la setilaiti. Wenyewe ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na mkewe, wanaoishi upande wa Kebirigo, mbele ya mji wa Nyamira. Binti yao alikuwa jirani yetu enzi alipokuwa akisomea uuguzi Mombasa. Sasa yuko Minnesota, Marekani, kwenye jamii kubwa ya Wakisii, na anafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Yeye ndiye anayelipia king'amuzi cha wazazi wake kila mwezi. Aliniomba jambo moja tu: picha inayotoka kwenye king'amuzi hicho imfikie na yeye huko aliko, kupitia intaneti.

Nilimwuliza kwa nini asitazame vituo vya Kenya vinavyorusha matangazo yao moja kwa moja kwenye YouTube. Akanijibu, "Hivyo vyote navipata. Mimi nataka kutazama wanachotazama wao, wakati ule ule wanapokitazama." Nilikata tikiti kwa sababu ya jibu hilo.

Wazo la kuituma televisheni ya nyumbani kwa mtu aliye mbali si geni. Mwaka 2005 ndugu wawili wa California, Blake na Jason Krikorian, walianza kuuza Slingbox, kisanduku kilichounganishwa na king'amuzi sebuleni na kukupelekea picha popote penye intaneti. Walikuwa mashabiki wa timu ya besiboli ya San Francisco Giants, nao walitaka kuitazama wakiwa safarini. Kampuni yao ilinunuliwa na EchoStar mwaka 2007. Baadaye vituo vingi vikajijengea programu zao za simu, visanduku vikaacha kutengenezwa, na tarehe 9 Novemba 2022 seva zilizoviwezesha kufanya kazi zikazimwa. Anayelitaka jambo hilo leo hana budi kujiundia njia yake mwenyewe.

Mjini Kisii nilipitia soko la Daraja Mbili, mikungu ya ndizi ikishushwa kutoka kwenye malori kwa kupokezana mikono, kisha nikaingia duka la vifaa vya stima. Nilinunua waya mnene wa shaba na ule mkuki wa shaba unaopigiliwa ardhini. Mwenye duka aliponiona na mkoba wa vifaa aliniuliza kazi yenyewe iko wapi. Nilipotaja Nyamira akaongeza vibanio viwili kwenye mfuko bila kunitoza, akasema, "Huko usicheze na radi."

Alikuwa na haki ya kunionya. Nyanda hizi ziko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda vilima hivi mchana, na kufikia alasiri huwa imegeuka mawingu mazito. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na Kisii na Nyamira zinajulikana Kenya nzima kwa radi. Nyumba niliyokuwa nikiiendea iliwahi kuwa na kisanduku cha kutuma picha, alichokileta binti alipokuja likizo. Radi ilipiga mti wa jirani, umeme ukapita kwenye waya wa dishi, na jioni ile ile kisanduku na king'amuzi vikafa pamoja.

Probox iliyojaa abiria ilinifikisha Nyamira, nyingine ikanisogeza Kebirigo, na bodaboda ikanimalizia njia ya udongo mwekundu katikati ya mashamba ya chai. Wachumaji walikuwa wakirudi na vikapu kuelekea kituo cha kupimia. Mwalimu alinipokea langoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa furaha ya mtu aliyeifundisha salamu hiyo miaka mingi kwa watoto wasioitumia nyumbani. Mama hakutaka kusikia habari za dishi kabla sijala. Alinitengea ugali wa wimbi na chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa, nami nikala mpaka nikaelewa kwa nini binti yao huitaja mboga hiyo kila anapopiga simu.

Dishi lenyewe lilikuwa juu ya nguzo kando ya jiko. Mtu aliyeona madishi ya Ulaya, yanayotazama upande kama watu walioketi kibarazani, angedhani hili limeanguka. Setilaiti inayolihudumia iko nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786 kutoka ardhini. Nyamira iko karibu nyuzi 35 mashariki, chini kidogo tu ya ikweta. Kwa hiyo setilaiti hiyo iko karibu utosini mwa Mwalimu, na dishi limelala karibu chali likiitazama. Majani ya mparachichi yalikuwa yamenata usoni pake. Nikayafuta, nikakaza skrubu zilizolegea, kisha nikapigilia mkuki wa shaba kwenye udongo na kuufunga pamoja na nguzo. Nilimweleza Mwalimu kwamba mkuki huo unapunguza hatari lakini hauizimi, na kwamba ngurumo ya kwanza ikisikika waya wote unachomolewa. Aliandika kwenye daftari.

Ndani kazi ilikuwa ya namna nyingine. Nyuma ya king'amuzi kuna matundu matatu ya rangi: la njano la picha, jekundu na jeupe ya sauti. Nilichukua picha kutoka hapo nikaiingiza kwenye kompyuta ndogo inayokaa kiganjani, ambayo kazi yake ni kuibana picha ili ipite kwenye njia nyembamba. Njia nyembamba ndiyo shida ya vijijini. Watu huuliza intaneti inashusha kwa kasi gani, ilhali hapa swali ni inapandisha kwa kasi gani, maana nyumba ndiyo inayotuma. Faiba haijafika huko, kwa hiyo tulitegemea ruta ya simu, nikaizungusha nyumba nzima mpaka nikapata dirisha linaloutazama mnara. Mchana ilipandisha vizuri. Usiku, kijiji kizima kikiwa mtandaoni, kasi ilianguka chini ya megabiti moja kwa sekunde. Nikaipanga picha itumie kilobiti 800. Saa moja ya picha ya namna hiyo hula takriban megabaiti 360 za bando, kiasi ambacho binti alisema atakimudu.

Kikwazo kingine hakionekani kwa macho. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo mtu wa nje hawezi kubisha hodi moja kwa moja kwenye nyumba fulani. Dawa yake ni nyumba yenyewe kutoka. Kompyuta ile hufungua njia hadi kwenye seva ya kukodi, iliyofungwa kwa nenosiri, na binti huichukua picha hapo. Ukifuata safari ya picha hiyo utastaajabu: inashuka kutoka angani hadi Kebirigo, inapanda mnarani, inapita Nairobi hadi pwani, inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari kama zile zilizoanza kuifikia Mombasa mwaka 2009, inakwenda Ulaya, inavuka Atlantiki. Yote hayo yanachukua sekunde chache.

Tulijaribu saa kumi alasiri. Minnesota ilikuwa saa mbili asubuhi, binti ametoka kazini. Mama alishika simu, Mwalimu akashika rimoti. Picha ikamfikia, akatuambia mtangazaji amevaa rangi gani. Kabla hatujamaliza kufurahi, mvua ikaja kutoka upande wa Manga. Mawimbi ya setilaiti za aina hii yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa huyameza. Picha ilivunjika vipande vya mraba, ikaganda. Nilikuwa nikiinuka kuomba radhi binti aliposema simuni, "Mama, mahindi yameanuliwa?"

Mama akatupa simu kitini akakimbilia uani, nasi nyuma yake. Mahindi yalikuwa juu ya turubai yakianikwa. Tuliyabeba pande nne tukayaingiza ndani, mvua ikitupiga mgongoni. Mtu aliyekaa umbali wa kilomita zaidi ya elfu kumi na mbili aliijua mvua ya kwao kwa kuona picha ya habari imevunjika. Hakuna programu ya simu ya kituo chochote ambayo ingempa jambo hilo, maana picha ya kituo hainyeshewi na mvua ya Kebirigo.

Jioni tulizungumza juu ya rimoti. Visanduku vya zamani vilimruhusu aliye mbali kubadilisha chaneli. King'amuzi ni kimoja, kwa hiyo akibadilisha yeye, sebule nzima inabadilika. Mama alinisimulia jinsi walivyokuwa wakisikiliza habari na ghafla wakajikuta kwenye tamthilia, wakakaa kimya kwa kumwonea haya binti anayelipa. Ningeweza kufunga kifaa cha kufanya vivyo hivyo, maana nilikuwa nacho mkobani. Mwalimu akasema, "Nyumbani kwangu mgeni hakaribishwi kisha akahamisha viti." Binti akacheka simuni, akakubali.

Tukakubaliana jambo la pili. Mikataba ya televisheni ya kulipia kwa kawaida humfunga mteja kwenye nyumba yake, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kwa hiyo filamu na ligi za nje hazitumwi. Kompyuta ina swichi yake ukutani. Saa moja usiku Mwalimu huiwasha kwa ajili ya taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye kituo cha humu nchini, ikiisha anaizima. Mtazamaji wa mbali ni mmoja, na nenosiri ni la mmoja.

Siku ya kuondoka, jirani mwenye mtoto Texas alikuja kuuliza kama nyumba yake nayo inaweza kufungiwa mitambo hiyo. Nilimpa mpangilio ninaouamini sasa: aanze na waya wa kuingia ardhini, kisha betri ya kushikilia stima inapokatika, kisha apime intaneti yake usiku na si mchana, na mashine iwe ya mwisho kununuliwa. Nikamwambia pia amuulize mtoto wake anachotaka hasa. Kama ni vipindi tu, simu yake inatosha na fedha zake zibaki. Kama anataka kuketi na wazazi wake, basi wao waendelee kuchagua cha kutazama, na yeye akipokee jinsi kilivyo, pamoja na mvua yake.