Hassan Hasemi Kitu

Nilikwenda kwa sababu dada yangu alinituma. Mwanawe wa miaka 11 alikuwa amejiunga na kikundi cha kusoma riwaya za katuni kwenye maktaba moja ya Eastlands hapa Nairobi, na Jumamosi hiyo dada alikuwa kazini. "Mpeleke, ukae naye, na usianze maneno yako," akaniambia. Maneno yangu aliyajua: kwamba katuni si kitabu. Niliwahi kuyasema mezani, kijana mwenyewe akiwa anasoma. Alifunga kitabu akaenda kulala. Sikumwomba msamaha, maana nilidhani nina haki.

Walikuwa kama kumi na wawili, wakigawana nakala nne. Walikuwa wakisoma When Stars Are Scattered, cha Victoria Jamieson na Omar Mohamed, kilichotoka 2020. Ni maisha ya Omar mwenyewe, Msomali aliyekulia kambini Dadaab, kule Garissa, akimlea mdogo wake Hassan baada ya kupotezana na mama yao. Inabidi aamue: aende shule amwache Hassan, au abaki? Kwa watoto hawa Dadaab si mbali. Wawili kati yao wana jamaa huko.

Kitabu ni cha Kiingereza, mjadala ukawa wa Kiswahili na Sheng. Nilijiandaa kusikia lile swali la shuleni, eti tumejifunza nini. Mkutubi hakuliuliza. Aliuliza, "Leo mmemwona nani?"

Msichana mmoja akasema Hassan. Mwenzake akabisha: Hassan si hasemi kitu? Neno lake ni moja tu, Hooyo, yaani mama kwa Kisomali.

"Kwani lazima aongee? Si yuko hapa. Na hapa. Na hapa." Alikuwa akigonga fremu moja baada ya nyingine kwa kidole.

Basi wote wakaanza kumtafuta. Omar akiongea na watu wazima, Hassan yuko wapi? Anatazama nini? Mpwa wangu, ambaye nyumbani humtoa neno kwa koleo, alibishana dakika tano nzima kuhusu uso wa Hassan, kama ni wa hofu au wa kuchoka tu. Mimi nilikuwa nimekisoma usiku wa kuamkia siku hiyo kwa saa moja na nusu. Kumbe nilisoma viputo vya maneno tu, kama mtu anayefuata tafsiri chini ya sinema. Uso huo sikuukumbuka hata kidogo.

Katika riwaya ya maneno matupu, mhusika mwenye neno moja huhitaji mwandishi amtaje kila mara, la sivyo anafutika ukurasani. Mchoraji hana njia hiyo ya kukwepa. Kama Hassan yumo chumbani, itabidi achorwe.

Miaka kadhaa nyuma gazeti lilinituma Dadaab. Nilikaa asubuhi nzima na familia moja: baba, mama, mabinti wawili, na mvulana aliyeketi mlangoni bila kusema neno. Habari yangu ilitoka ukurasa mzima. Ilikuwa na baba, mama, mabinti, mgao wa chakula, foleni ya maji. Mvulana hakuwemo. Hakuwa na nukuu, na mhariri wetu alipenda nukuu. Lakini mhariri hakumkata yeye. Mimi ndiye sikumwandika.

Tukiwa kwenye matatu kurudi nyumbani nilimsimulia mpwa wangu. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka aseme si kitu.

"Alikuwa amevaa nini, Anko?"

Sikumbuki, nikamwambia.

Jioni nilichimbua daftari la safari ile. Jina la baba nimelihakiki mara tatu. Idadi ya madumu ya maji ipo. Kisha, pembeni, kwa mwandiko wa haraka: mvulana, 8?, haongei.