Imani ya kuthubutu, au kumjaribu Mungu?

Najua nimepotea. Niko fildi huku Mikese, nafundisha Kiswahili na Historia. Kwa wasiopajua, Mikese ni hapa kabla hujaingia Morogoro mjini ukitokea Dar, penye mzani wa magari. Malori yanapita usiku na mchana, na milima ya Uluguru unaiona ile pale. Kwa hewa sina malalamiko. Kwa mfukoni ndiyo tusiongee, bumu halijaingia.

Leo nataka kuandika jambo lililonikaa kichwani tangu chuoni. Muhula uliopita kwenye ibada zetu za wanafunzi mahubiri yalikuwa ni kuthubutu tu. Petro alitoka chomboni, wewe je? Toka chomboni! Watu wanalia, wanapiga makofi. Mwenzetu mmoja akatoa bumu lake lote kama mbegu, akiamini itamrudia mara mia. Wiki zilizofuata tulikuwa tunakula naye ugali wa chumbani kwetu. Simcheki, maana moyo wake ulikuwa safi kuliko wangu. Ila nilibaki najiuliza, huku ndiko kuthubutu?

Nikarudi kusoma Mathayo 14 polepole. Kumbe Petro hakujirukia tu majini. Aliomba kwanza Bwana amwite, akaitwa, ndipo akashuka. Halafu Mathayo 4, shetani anamwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, malaika watamdaka. Yesu akakataa, akasema huko ni kumjaribu Mungu. Yaani mambo mawili yanayofanana kwa nje, yote ni kuruka, lakini moja ni utii na jingine ni kamari.

Sasa niwape mfano wa mtu wa juzi juzi tu. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, Kongo, aliyesomea sheria. Mimi si Mkatoliki, lakini huyu ndugu ananigusa. Alikuwa kwenye jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa mitaani wapate kusoma. Kazini alikuwa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini, pale mpakani na Rwanda. Ukaletwa mchele ulioharibika, akapewa hongo aupitishe. Akakataa. Akabembelezwa, akatishwa, bado akakataa, kwa sababu kuna watu wangeula ule mchele. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26 tu! Februari 2023 Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana kule Kinshasa, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenye heri huko Roma.

Angalieni tofauti. Yule wa mbegu anathubutu ili arudishiwe. Bwana Chui alithubutu ili mtu asiyemjua, mama fulani sokoni Goma, asile sumu. Hakuna aliyemwahidi mara mia. Ni kama wale vijana watatu wa Danieli 3 mbele ya tanuru. Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa, hawatasujudu. Hiyo "hata asipo" ndiyo imani yenyewe. Ukiiondoa, inabaki biashara.

Kwa nini naandika haya leo? Juzi jioni baba mwenye nyumba ninapopanga alinifuata uani. Mwanawe yuko darasani kwangu, Historia kapata 28.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Hivi ile mbili ikiwa tano, nani atajua? Si kalamu tu? Na ile kodi ya miezi miwili, usihangaike nayo."

Jamani, nina deni la miezi miwili kweli! Nilisimama pale kama nguzo. Nikamwambia, "Baba, nisamehe sana, hilo sitaliweza. Ila kijana aje jioni nimfundishe, sitaki hata shilingi." Akaniangalia, akasema haya mwalimu, akaingia ndani. Hajanisemesha tena vizuri mpaka leo, na Ijumaa anataka kodi yake.

Sijilinganishi na mtu aliyetoa uhai, msinielewe vibaya. Mimi kilichopo hatarini ni chumba na godoro. Lakini 58 ya uongo nayo ni mchele mbovu. Kijana angeula, akashiba, akafika kidato cha nne hajui kitu. Sisi tunaosomea ualimu tutakaa mpakani miaka thelathini, kila siku kuna kitu kinataka kupita.

Jana kijana alikuja na daftari. Tumeanza na Vita vya Majimaji, ana akili, alikuwa haelewi tu swali linataka nini. Kodi bado sijaipata. Naomba Mungu bumu liingie kabla ya Ijumaa, naomba kweli kweli. Na hata lisipoingia, ile mbili itabaki mbili mpaka mwenyewe aivushe.

Niombeeni wapendwa.