Picha Zisizoonekana: Kumbukumbu za Mpiga Picha wa Harusi za Unguja

Upigaji picha wa kibiashara katika Mji Mkongwe wa Unguja una umri mkubwa kuliko wanavyodhani vijana wengi wanaouingia leo wakiwa na simu mkononi, kwa kuwa Capital Art Studio, studio mashuhuri ya mji huo, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ikarithiwa na mwanawe Rohit. Katika utaratibu wa zama hizo mteja alikwenda zake na karatasi, na negativu, yaani kipande cha filamu ambacho ndani yake mwanga na giza vimebadilishana nafasi na ambacho ndicho kinachozaa picha, kilibaki mikononi mwa studio. Aliyetaka nakala alirudi kwa mpiga picha, na swali la nani aione picha ya nani lilimalizwa na kabati lenye kufuli. Mwanamke ambaye kazi yake inaelezwa hapa, na ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliingia katika fani wakati kufuli hilo linalegea: filamu zilikuwa zinaadimika madukani, kamera za kidijitali zinashuka bei, na watu wameanza kuuliza picha zao zitawekwa lini mtandaoni hata kabla ya kuuliza zitasafishwa lini.

Eneo lake la kazi ni harusi, na hasa ule upande wa harusi ya Kizanzibari ambao mwanamume hauoni. Bi harusi husingwa, yaani husuguliwa mwili kwa mchanganyiko wa manukato uitwao singo, hupakwa hina na kuchorwa piko, ile rangi nyeusi ya maua, hukaa na somo wake, yaani kungwi, akafundwa, kisha siku ya kutolewa nje huketishwa jukwaani mbele ya mamia ya wanawake waliovua mabuibui, waliosuka au kutengeneza nywele, waliovaa dhahabu za mama na za bibi, wakicheza taarab na kumtunza mwimbaji. Mwiko wa kuingiza mwanamume katika shughuli hiyo ndio uliowafungulia wanawake mlango wa kazi hii, na mwiko huohuo umeiwekea kazi yao sharti ambalo wapiga picha wa miji mingine hawalijui: picha bora kuliko zote ndizo zisizoweza kuoneshwa hadharani. Kila uamuzi wa kiufundi utakaoelezwa hapa umefanywa chini ya sharti hilo.

Shida ya kwanza ukumbini ni taa. Kihisi cha kamera, yaani bamba dogo lenye mamilioni ya vipokea mwanga, hakioni rangi chenyewe, bali hufunikwa na vichujio vidogo vilivyopangwa kwa mtindo uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976, ambapo nusu ya vipokea mwanga hupewa kichujio cha kijani, robo chekundu na robo buluu. Mpambaji anapoufurikisha ukumbi kwa taa za LED za buluu na zambarau, jambo ambalo limekuwa fasheni isiyokoma, ile robo moja ya buluu hujaa mpaka ikafurika huku nyingine zikibaki karibu na giza, na uso wa bi harusi hutoka kama bati lililopakwa rangi, bila mstari wa shavu wala kina cha jicho. Kipimo cha mwanga cha kamera hakitoi onyo lolote, kwa sababu wastani wa rangi zote tatu bado ni wa kuridhisha. Ndiyo maana mpiga picha huyu hutazama histogramu, yaani mchoro unaoonesha jinsi mwanga ulivyogawanyika kutoka kwenye giza hadi kwenye weupe, kwa kila rangi peke yake, na ndiyo maana huzungumza na mpambaji mapema ili taa nyeupe ziwashwe katika dakika chache za bi harusi kuingia. Mpambaji akikataa, hubaki njia ya kuelekeza flashi darini ili mwanga ushuke juu ya watu ukiwa umetawanyika. Kuna pia mapigo ya taa zenyewe: umeme wa Tanzania una masafa ya hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, hivyo shata ikifunguka kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya mia ya sekunde, michirizi ya giza huweza kuikata picha.

Shida ya pili inahusu ngozi na nguo. Kipimo cha kamera hudhani kwamba kila kinachowekwa mbele yake kina wastani wa kijivu, kwa hiyo gauni jeupe likijaza fremu kamera hupunguza mwanga, na uso wa Kiafrika ulio juu ya gauni hilo hutumbukia kizani. Wengi hujitetea kwamba wataung'arisha baadaye kwenye kompyuta, na hapo ndipo hesabu inapowaumbua. Faili ghafi, ambayo ni kumbukumbu ya kihisi kabla kamera haijaikokotoa kuwa picha kamili, ikihifadhiwa kwa biti 14 huwa na ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, wakati faili ya JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu. Lakini ngazi hizo hazikugawanywa sawa, kwa kuwa nusu yake huchukuliwa na sehemu ing'aayo zaidi, robo na sehemu inayofuata, na kila mwanga unaposhuka nusu, ngazi nazo hushuka nusu. Uso ulioachwa gizani hupata masalia, na ukinyanyuliwa kwa programu huja na chembechembe na madoa ya rangi. Mpiga picha huyu hupima mwanga kwenye shavu, huacha gauni likaribie weupe wa mwisho bila kupoteza nyuzi zake, na huhifadhi faili ghafi peke yake.

Mchana wa hina ni raha tupu ukilinganisha na ukumbi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, vichochoro ni vyembamba, na jua la nyuzi sita kusini mwa Ikweta haliingii dirishani moja kwa moja bali hugonga ukuta wa jirani na kurudi likiwa laini, lenye ujoto kidogo. Bi harusi hukaa mkekani mkono ukiwa juu ya mto, na mchoraji huinamia vidole. Piko mbichi huwa na mng'ao wa majimaji na hutuna kidogo juu ya ngozi, hivyo mwanga ukitoka ubavuni kila ua na kila jani huangusha kivuli chembamba kama uzi, wakati mwanga wa mbele hulifanya ua hilo hilo lionekane limechapwa kwa kalamu. Kivuli hicho hakikai, kwa kuwa piko likikauka kimeondoka, na mpiga picha asiyekuwa tayari hukikosa.

Uhariri huanza kwa kutupa. Baada ya shughuli, picha hupitiwa kwa haraka mara ya kwanza ili kuondoa zilizofumba macho na zilizotikisika, kisha hupitiwa tena siku nyingine, akili ikiwa imepoa, ili kuchagua zinazosimulia. Hatua hii hutegemea umeme kuliko wasomaji wa nje wanavyofikiri: kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu kutokana na kuharibika kwa miundombinu ya kuupokea kutoka Bara, na wahariri wa picha walifanya kazi kwa jenereta, wakihesabu lita za mafuta kabla ya kuwasha kompyuta. Kipindi hicho kilimfundisha mwandishi kupiga picha chache zaidi.

Juu ya kung'arisha ngozi, msimamo wake haujawahi kuyumba. Kadi za kupimia rangi zilizosambazwa na Kodak katika maabara za filamu zilitumia kwa miongo mingi sura ya mwanamke mzungu kama kipimo cha ngozi sahihi, na kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja katika miaka ya 1990. Sasa simu zimechukua tabia hiyo na kuifanya ya papo hapo, kiasi kwamba wapo mabi harusi wanaoshangaa kujiona walivyo. Kanuni anayoifuata ni nyepesi: kitakachoondoka chenyewe ndani ya wiki, kama chunusi au alama ya kuumwa na mbu, huondolewa, kitakachobaki, kama baka la kuzaliwa, mwanya au weusi wenyewe, hakiguswi. Wateja kadhaa walimwacha kwa sababu hiyo, na haki yao.

Kazi ikiisha huhifadhiwa kwa kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh wa Marekani, inayodai nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo, jambo la busara katika kisiwa ambacho unyevu wa bahari huotesha ukungu hata ndani ya lenzi.

Kusambaza ndiko kunakohitaji nidhamu kuliko yote. Ndugu wa bi harusi wako Muscat, Dubai na London, na wote wanataka kuona usiku huohuo. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ukali, lakini pia huvuliwa data zilizofichwa ndani ya faili, kama saa ya kupigwa na, simu ikiruhusiwa, mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama waraka hubaki na ubora wake wote pamoja na siri hizo zote, kwa hiyo data hizo hufutwa kwanza. Picha zenye nyuso huwekwa katika ukurasa wa siri wenye neno la siri ambalo hukabidhiwa bi harusi mwenyewe, wala si mama yake wala mume, na yeye ndiye huamua amfungulie nani.

Kwa umma hutoka mikono, visigino vyenye hina, vikuba vya asumini, mikunjo ya kanga, mgongo wa bi harusi akipanda ngazi. Tangu Instagram ilipoanzishwa mwaka 2010 watazamaji wameuita utaratibu huo mtindo wake wa kisanaa, na wapo vijana wanaouiga bila kujua kwamba umetokana na ahadi iliyotolewa kwa wanawake waliovua mabuibui.

Wengine katika biashara hii wamebuni njia fupi: bi harusi hupewa punguzo la bei akiruhusu picha zake zitumike kama tangazo, na mwenye uwezo hulipa bei kamili akafichwa. Matokeo yake nyuso zinazozunguka mtandaoni ni za mabinti wa nyumba zisizo na kitu, wakiwa pamoja na mashangazi na majirani waliokuwa nyuma yao, ambao hakuna aliyewauliza. Punguzo hilo halifai, na kila anayeingia katika kazi hii anaombwa asiliandike katika mkataba wake.