Nani Anaumeza Mtandao wa Nyumbani?

Askari aliye mbali na jamaa yake hana dirisha jingine la kuwatazama watoto ila kioo cha simu au cha kompyuta. Majeshi ya Uganda yaliingia Somalia mwezi wa Machi 2007, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za kambini zilizoea kukutana na baba kwa njia hiyo. Zilizoea pia kumwona baba ameganda kinywa wazi, na sauti yake kukatika pale pale alipokuwa akitaja jambo la maana. Ndipo hutokea kijana wa nyumbani mwenye ujuzi kidogo, akasema kwamba dawa anayo: kubadili mipangilio ya mtandao ndani ya kompyuta.

Dawa hiyo si uzushi mtupu; ina asili yake. Kompyuta inayopokea mzigo ni kama mtunza stoo. Humwambia anayeleta ni magunia mangapi yanaweza kushushwa kabla ya kutiwa sahihi. Yakifika idadi hiyo, mletaji husimama na kungoja risiti. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, kwa kawaida ilikubali baiti 17,520 tu kabla ya risiti. Ofisini, ambapo kompyuta mbili zimetengwa na ukuta, hakuna aliyeona hasara. Lakini kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya mtandao wa Afrika ya Mashariki ilipitia satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na risiti ilichukua zaidi ya nusu sekunde kurudi. Hesabu yake ni nyepesi: baiti 17,520 kwa kila nusu sekunde ni kama 35,000 kwa sekunde, hata kama njia yenyewe ilikuwa na nafasi mara kumi ya hiyo. Aliyeongeza kipimo hicho zama zile alipata faida ya kweli.

Kisha mambo mawili yakabadilika. Mwezi wa Julai 2009 waya wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ulianza kazi pwani ya Afrika ya Mashariki, na Uganda ikaunganishwa kwa kupitia Kenya. Tena Windows Vista, iliyoletwa sokoni mwaka 2007, ilianza kujipimia yenyewe, ikiongeza au kupunguza magunia kwa kadiri ya safari. Ugonjwa ukaondoka, lakini waganga wakabaki. Miongoni mwa maagizo yanayozunguka hadi leo, baya kupita yote ni lile la kuzima huko kujipimia. Akilifuata mtu, kompyuta yake hurudi kwenye baiti 65,535. Na ikiwa risiti huchukua sekunde 0.2 kutoka ng'ambo, mzigo mmoja hauwezi kupita baiti 328,000 kwa sekunde, bando liwe kubwa namna gani. Huko ni kumfunga mpagazi miguu, kisha kumlaumu kwa uvivu.

Hayo ndiyo yaliyotokea katika nyumba ya sajenti mmoja. Kijana wake alizima kile cha kuzimwa, akaiwasha kompyuta upya, akangoja sifa. Jumapili jioni baba akaganda kama desturi. Dada yake naye akalalamika kwamba masomo aliyokuwa akiyapakua sasa yalichukua muda mrefu kuliko juzi.

"Mwanangu," mama akamwambia, "kabla ya kuongeza maji, tazama kwanza bomba linavuja wapi."

Mama huyo hakusomea kompyuta, lakini alikuwa amelenga. Maongezi ya sauti na picha kwa kawaida hayangoji risiti hata kidogo. Kinachoyaua ni foleni. Kijana alipofungua orodha ya programu zinazotumia mtandao, alikuta Windows yenyewe inashusha masahihisho yake kimya kimya, na simu mbili zilizokuwa kabatini zinapeleka picha za harusi kwenye hifadhi ya mbali. Mizigo hiyo ilijaza ruta, na maneno ya baba yakapangwa nyuma yake kama mgonjwa mahututi nyuma ya lori la mkaa.

Basi alirudisha mipangilio ya kujipimia kama ilivyokuwa. Kisha akaiambia Windows kwamba mtandao huo hulipiwa kwa kipimo. Alama hiyo moja, iliyomo katika mipangilio ya Wi-Fi, huiamuru kompyuta iahirishe mengi ya kupakuliwa yasiyo ya haraka. Alizima pia ruhusa ya kuzigawia kompyuta nyingine masahihisho, na simu zikaambiwa zipeleke picha usiku. (Masahihisho yenyewe hayafai kutupwa, maana ndiyo yanayozuia wezi, yalitengewa alfajiri ya Jumamosi.) Ruta ikatolewa nyuma ya friji, ikawekwa juu ya kabati la vyombo.

Upande wa Somalia haukuwa mikononi mwao, na mara moja moja picha iliendelea kukwama. Lakini Jumapili iliyofuata baba alimaliza sentensi nzima. Alikuwa akiuliza kwa nini ada ya muhula haijalipwa, na safari hii hakuna aliyeweza kusema kwamba hakusikia.